Santuri za Zamani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waimbaji na Nyimbo Laini za Miaka ya 1930 hadi 1960

Maswali haya ni ya watu wanaokuja na santuri kwapani. Wengine ni wa hapa hapa Ngamiani na Chumbageni, wengine wameshuka na basi kutoka Muheza, Pangani au Korogwe, na karibu wote wamezirithi. Anayetaka kujua kusafisha tu aruke moja kwa moja huko chini. Mwenye muda asome yote, maana huwezi kuitunza santuri vizuri kama hujui ni nani anayeimba humo.

Mnaposema "nyimbo laini", mnakusudia zipi?

Ni nyimbo zenye mwimbaji mmoja mbele na bendi au okestra nyuma yake, maneno ya mapenzi na majonzi, za kusikiliza barazani jioni au kucheza polepole. Za Marekani na Uingereza ni za akina Bing Crosby, Vera Lynn, Frank Sinatra, Nat King Cole, Perry Como, Doris Day, na Jim Reeves ambaye alianzia kwenye muziki wa kantri. Sisi tunawaweka pamoja nao waimbaji wa filamu za Kihindi, waimbaji wa Cairo, rumba za Kuba, na wa kwetu: Siti binti Saad, Salum Abdallah wa Morogoro, Fundi Konde wa pwani ya Kenya, Frank Humplick wa Moshi na dada zake. Wakusanyaji wa ng'ambo huzitenga kwa mafungu. Mimi sizitengi, kwa sababu aliyezinunua hakuzitenga.

Nimekuta sanduku la santuri za marehemu babu. Nifanye nini kwanza?

Usipige hata moja. Usizioshe. Usizipange zikalaliana. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na ukuta wenye unyevu, kisha uandike kwenye daftari kila kilichochapwa kwenye lebo: jina la mwimbaji, jina la wimbo, kampuni, namba. Fungua pia kila bahasha ya karatasi. Mara nyingi ndani mna risiti ya duka, tarehe ya harusi, au jina la aliyeazimwa asirudishe. Maandishi hayo ni sehemu ya urithi, usiyatupe.

Nitatofautishaje santuri ya 78 na ya 45 au 33?

Namba hizo ni mizunguko kwa dakika. Ya 78 ni nzito, ngumu, na ukiiangusha inavunjika vipande kama sahani ya udongo. Imetengenezwa kwa utomvu wa lakiri, unaotokana na wadudu wa huko India, ukachanganywa na unga wa mawe. Ya 33 na ya 45 ni za plastiki, nyepesi, zinapindika. Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya 33 mwaka 1948, na RCA Victor ikajibu kwa ile ndogo ya 45 mwaka 1949. Huku kwetu ya 78 ilikawia kuondoka kwa sababu iliyo wazi: gramafoni ya kuzungusha mkono haikuhitaji umeme, na nyumba yenye umeme ilikuwa ya kuhesabu.

Kwa nini waimbaji wa zamani sana wanaimba kwa kupaza sauti, na wa baadaye wananong'ona?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote.

Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa akaimba kwa nguvu zake zote, maana ni sauti yenyewe iliyosukuma sindano ikakwaruza nta. Hapakuwa na umeme wa kuisaidia. Mwenye sauti ndogo hakuwa na nafasi humo. Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia zikaanza kurekodi kwa maikrofoni, na mambo yakageuka: mtu aliweza kuimba kama anayeongea na mwenzake sikioni, na bado akasikika juu ya okestra nzima. Bing Crosby alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufahamika dunia nzima kwa uimbaji huo. Sinatra akaufikisha mbali zaidi. Alikuwa akisema alijifunza kubana pumzi kwa kumtazama Tommy Dorsey, kiongozi wake wa bendi, akipuliza tromboni, na ndiyo maana sentensi zake zinakwenda ndefu bila kukatika.

Ukitaka kuusikia mgeuko huo ndani ya mtu mmoja, chukua Jim Reeves. Sikiliza "Mexican Joe" ya 1953, halafu "Four Walls" ya 1957. Katika ile ya kwanza anaita watu. Katika ya pili ameisogelea maikrofoni na kushusha sauti, utadhani kuna mgonjwa chumba cha pili.

Sasa njoo kwetu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, wakati maikrofoni ipo tayari. Mbona bado sauti yake inapasua? Kwa sababu sauti ile ilijengwa Unguja mbele ya watu walioketi, bila spika, na ilipofika studio haikuona sababu ya kujipunguza. Mimi sioni upungufu hapo. Halafu mlinganishe na Shakila wa hapa Tanga, aliyekuzwa na maikrofoni na vikuza sauti: anaimba chini, anavuta, anaachia. Hao ni waimbaji wawili wa taarabu, na kati yao kuna kifaa kimoja.

Rafu ya babu ina Mhindi, Mmisri, Mkuba na Mmarekani. Alikuwa baharia?

Huenda, lakini si lazima. Alikuwa mtu wa Tanga tu.

Mji huu ulikuwa bandari ya mkonge na mwanzo wa reli ya kwenda Moshi. Mashamba yalileta watu kutoka Tabora, Kigoma, Nyasa na Msumbiji. Maduka mengi yalikuwa ya Wahindi, na sinema kama Majestic zilionyesha filamu za Bombay ambazo wasiojua Kihindi walitoka wakiziimba. Cairo ilisikika kwa santuri na kwa redio, na kuanzia 1954 Redio Cairo ilikuwa na matangazo ya Kiswahili. Mombasa haiko mbali, na huko kulikuwa na duka la Assanand lililotoa santuri zake lenyewe kwa jina la Mzuri.

Za Kuba zilikuja kwa njia nyingine. Kampuni ya HMV ilianza mwaka 1933 kutoa mfululizo wenye herufi GV kwa ajili ya masoko ya Afrika, ikichukua rekodi za Amerika ya Kilatini zilizokwisha kuuzwa kwingine. GV 1 ni "El Manisero" ya Don Azpiazu, iliyorekodiwa New York mwaka 1930, mwimbaji Antonio Machín. Ukiona herufi hizo kwenye lebo iliyofifia, ishike kwa mikono miwili. Ndizo zilizowafunza wapiga gitaa wa Kongo na wa kwetu pia. Kule Morogoro, Salum Abdallah aliita bendi yake ya 1948 La Paloma, kwa jina la wimbo wa karne ya 19 wa Mhispania Sebastián Iradier. Baadaye ikawa Cuban Marimba.

Basi usiseme "hizi za kigeni, hizi za kwetu" halafu ukauza fungu moja. Sanduku likigawanywa, huwezi tena kusikia nani alimsikiliza nani.

Santuri ya filamu ya Kihindi imeandikwa jina la mhusika. Aliyeimba ni nani hasa?

Waigizaji wengi hawakuimba wenyewe, walifuatisha midomo. Mfano unaojulikana ni wimbo "Aayega Aanewala" wa filamu ya Mahal, 1949. Santuri ya kwanza ilimtaja mwimbaji kuwa Kamini, yaani jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, wakati huo bado msichana wa miaka 20. Watu walipiga simu na kuandika barua redioni wakitaka jina lake, na tangu hapo majina ya waimbaji yakaanza kupewa heshima. K. L. Saigal wa kabla yake ni kisa tofauti: yeye aliigiza na kuimba mwenyewe. Alifariki mwaka 1947.

Nina Sinatra ya mwaka 1943 ambayo haina ala, ni sauti za watu tu. Imeharibika?

Haijaharibika. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiligoma kurekodi kikidai malipo kwa ajili ya wanachama waliopoteza kazi kwa sababu ya santuri na redio. Waimbaji hawakuwa wanachama wa chama hicho, hivyo makampuni yakawaingiza studio wakiwa na kwaya badala ya bendi. Makampuni makubwa ya mwisho yalikubali yaishe Novemba 1944. Wakati huo wasikilizaji walikuwa wamezoea jina la mwimbaji kuwa kubwa kuliko la bendi, na halikurudi dogo tena. Mgomo wa wapiga ala ukawainua waimbaji!

Jim Reeves alifariki 1964. Mbona nina santuri yake mpya ya 1966?

Alifariki kwa ajali ya ndege karibu na Nashville, tarehe 31 Julai 1964. Aliacha rekodi nyingi ambazo hazijatolewa, na kampuni yake ikaendelea kuzitoa kidogo kidogo. "Distant Drums" ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya maziko. Kwa hiyo mwaka ulio kwenye lebo si lazima uwe mwaka wa kuimba.

Mnauliza pia kwa nini alipendwa mno huku. Sidhani kuna fumbo. Anatamka kila neno, anaimba polepole, na mtu aliyesoma mpaka darasa la nne aliweza kumfuata na kujiona anakijua Kiingereza. Na nyimbo zake zinafaa kotekote, Jumapili asubuhi na msibani.

Nat King Cole alijua Kihispania?

Hakukijua. Mwaka 1958 alitoa *Cole Español* baada ya kukariri maneno kwa kuyasikia. Wenye lugha yao walimcheka matamshi na bado wakainunua. Msiwacheke basi wazee wetu waliochomeka maneno ya "Kihispania" katikati ya rumba za Kiswahili, walifanya alichofanya yeye, tena bila mwalimu studioni. Jambo moja la pembeni: Cole alianza kama mpiga piano, na katika santuri za miaka ya 1940 za kundi lake la watu watatu vidole vyake vina maneno sawa na mdomo wake.

"White Christmas" ya Bing Crosby ni mali? Nasikia ndiyo iliyouzwa kuliko zote duniani.

Ndiyo sababu hasa si mali. Kitu kilichochapwa kwa mamilioni hakiadimiki. Kuna ya 1942 na kuna ya 1947, kwa sababu bamba la kwanza la kuchapia santuri lilichakaa kwa kuchapishwa mno na Crosby akarudi studio kuuimba upya, akijitahidi kuufananisha. Wengi wenu mnayo ya 1947.

Kwa hiyo zipi zina thamani?

Kwa kawaida ni zile ambazo mwenyewe anaona aibu kuzileta: lebo imechanika, wimbo wa Kiswahili, mwimbaji hajulikani. Zilitoka nakala chache, zikapigwa kwa sindano za chuma mpaka zikakwisha, na kiwanda hakikutunza bamba. Santuri za Kiswahili za HMV, Odeon na Columbia za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, za Mzuri, za Jambo ya Nairobi, hizo nitaacha chai nikaziangalie. Bei sitaji. Nikitaja, kesho yake madalali wanapita mitaani.

"Malaika" ni wa nani?

Aliyeurekodi kibiashara kwanza ni Fadhili William wa Kenya, na rekodi yake ya Equator Sound Studios ya Nairobi ya mwaka 1963 ndiyo iliyoenea. Miriam Makeba akaupeleka duniani, na aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya 1965. Kuhusu utunzi, kuna ubishi wa miaka mingi: Adam Salim, Mtanzania, anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyeutunga zamani kabla haujarekodiwa. Mimi si hakimu. Ninachoweza kusema ni kwamba zama zile lebo ilimtaja aliyeingia studio, na aliyetunga akiwa hayupo siku hiyo jina lake lilibaki nje.

Na Tanga yenyewe je? Tulitoa nini?

Tulitoa kingi, ila kilianza kuingia kwenye santuri mwishoni mwa kipindi tunachokizungumzia. Kwa upande wa dansi kulikuwa na Jamhuri Jazz, iliyotokana na kundi la Young Nyamwezi, na Atomic Jazz. Neno jazz kwenye majina hayo lisikupoteze: walipiga rumba na cha-cha. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri katikati ya miaka ya 1960, wakaenda Arusha, kisha Nairobi wakaanzisha Simba Wanyika. Kwa hiyo mpenzi wa Wanyika anasikiliza gitaa la Tanga, hata kama Nairobi wanalidai.

Kwa upande wa taarabu kulikuwa na Young Novelty, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatokea Black Star Musical Club, kisha Lucky Star. Hapa ndipo ninapojivunia mji wangu. Taarabu ya Unguja ilikuwa na okestra kubwa ya kufuata Misri, nyimbo ndefu, watu wameketi. Tanga wakapunguza watu, wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakachukua mwendo wa dansi, wakafupisha wimbo na kuwaweka wanawake mbele kwenye maikrofoni. Mtindo huo uliigwa Mombasa na mbali mpaka Burundi. Sampuli yake nzuri ni mkusanyo wa *Nyota*, uliotolewa London na GlobeStyle mwaka 1989.

Msisahau pia kwamba aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad ni mtu wa kwetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui. Siti hakuacha daftari, na bila kalamu ile tungebaki na sauti bila maisha yake.

Kwa nini nyimbo zote zinaishia dakika tatu?

Upande mmoja wa santuri ya 78 ya inchi 10 unabeba kama dakika tatu, wa inchi 12 unafika nne na kidogo. Umm Kulthum, mwimbaji wa Cairo, jukwaani aliweza kumaliza saa nzima na wimbo mmoja, kwenye santuri ukakatwa vipande. Shairi la taarabu nalo lilipunguzwa beti. Ukisikia wimbo unakatika ghafla, geuza upande wa pili kabla hujamlaumu mtu.

Nikiipiga, sauti inakuwa ya mtoto, au nzito kama ya jini.

Kasi si yake. Hakikisha pleya yako ina 78, nyingi za sasa zina 33 na 45 tu. Hata hivyo, za miaka ya 1920 na kabla yake hazikuwa 78 kamili, zipo za 76 na za 80. Njia ya kuaminika ni sikio: tafuta ala ambayo toni yake inajulikana, kama piano, ulinganishe na programu ya kutunia gitaa kwenye simu.

Naweza kutumia gramafoni ya babu yenyewe?

Kwa White Christmas, piga ufurahie, ila badilisha sindano ya chuma kila upande. Kwa santuri adimu, usithubutu. Mkono wa gramafoni unakandamiza kwa zaidi ya gramu 100, pleya ya kisasa ni gramu chache tu. Unapotumia pleya ya kisasa, nunua sindano ya 78. Mifuo ya santuri hizo ni mipana, inataka ncha ya sehemu tatu za elfu moja za inchi. Ncha ya santuri ndefu ni kama theluthi yake, itazama chini kabisa na utasikia uchafu mtupu.

Nizisafishe kwa kutumia nini?

Maji ya mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji (distilled), tone la sabuni isiyo kali, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kufuata mzunguko. Lebo isilowe. Spiriti ni marufuku kwa santuri za 78, inayeyusha lakiri na hakuna dawa ya kurudisha. Kwa ukungu, ambao kwa unyevu wa Tanga hauepukiki, futa nje ya nyumba ukiwa umefunika pua. Zikauke kivulini. Kuanika juani nimeona kumegeuza santuri kuwa bakuli.

Nikitaka kuziingiza kwenye kompyuta?

Rekodi kwa faili la WAV, biti 24 na kilohezi 96 kama kompyuta yako inaweza, ulihifadhi bila kuligusa, kisha utengeneze nakala ya MP3 ya kusambazia ndugu. Usianze kwa kufuta mikwaruzo. Programu za kufuta kelele hula pia pumzi ya mwimbaji na vidole kwenye nyuzi. Jambo lingine: kabla ya katikati ya miaka ya 1950 kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake vya kupunguza besi na kuongeza sauti za juu wakati wa kukata santuri, kwa hiyo pleya ya leo inaweza kuifanya 78 isikike imeziba. Rekebisha kwenye nakala, si kwenye faili la asili.

Naruhusiwa kuziweka mtandaoni?

Kuna haki mbili: ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingine zina miaka 70, na mtandao hauna mpaka. Kabla hujapakia, uliza Ofisi ya Hakimiliki. Na kama familia ya mwimbaji iko hai na unaijua, waulize na wao kwanza, hata kama sheria haikulazimishi.

Lebo imetoka yote. Nitajuaje ni nani?

Angalia sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Kuna namba imechongwa hapo, ndogo, utaiona ukiinamisha santuri kwenye mwanga. Hiyo ni namba ya bamba, na orodha za makampuni zinaitambua. Ikishindikana, irekodi na uipige barazani saa kumi za jioni mbele ya wazee, sauti juu kidogo. Mara nyingi jina linapatikana kabla ya kiitikio cha pili, pamoja na ubishi kuhusu nani alimwoa nani.